Kibao cha Fundi Viatu

Mkate ulikuwa wa Alhamisi iliyopita, siku pekee ya juma ambayo basi la mjini lilipita kijijini Harkstow. Winifred Tuckwell aliuchovya kwenye chai mpaka ukalainika, akaula akiwa amevaa koti, maana mafuta ya kupashia nyumba joto yalikuwa yamekwisha.

Nyumba ya ng'ambo ya barabara ilikuwa imebandikwa kibao cha shaba: Tanuri la Zamani. Iliyofuata, Posta ya Zamani. Kisha Bucha la Zamani. Wenyewe walikuwa London, wangekuja kiangazi. Zote zilikuwa giza. Hata hivyo, kila kulipopambazuka Winifred alisikia mlango wa tanuri ukikwaruza, na marehemu Bibi Orchard, mwoka mikate, akifoka, "Nani kachukua mkate wa kasisi?"

Kerslake, msimamizi wa nyumba za tajiri mwenye ardhi, aliingia na futi ya kupimia.

"Bibi Tuckwell, umeshaanza kufunga mizigo? Pasaka hiyo inakuja."

"Sijaanza, mwanangu. Niliolewa humu. Niache nifie humu."

"Si mimi ninayeamua, bibi. Na chumba ulichopewa mjini ni kizuri, kina joto."

"Huko namjua nani?"

"Utawazoea." Alipima dirisha. "Hivi, hapa mbele palikuwa duka?"

Winifred aliweka kikombe chini. Pengine hakujua. Pengine mtu akiambiwa nyumba ilikuwa nini, huona haya kumtoa aliyebaki ndani yake.

"Marehemu Clem alishona viatu hapa. Watu walikuwa na jozi moja moja, basi walikaa kwenye benchi wakingoja, mguu mmoja una soksi tu, wakisengenya. Maneno yote ya kijiji yalizaliwa hapa! Polly Vane soksi yake ilikuwa na tundu, akawa anaukalia mguu wake. Clem akamwambia, 'Haya, Polly, taga basi tule!'"

Kerslake alicheka kweli, mpaka akafuta macho. Winifred naye akacheka. Kwa kitambo kidogo chumba kilikuwa na watu.

"Fundi Viatu wa Zamani," Kerslake alisema. "Wageni wa likizo watapagombania."

"Kwa hiyo nibaki?"

"Bibi yangu, umenisaidia mno." Akakunja futi yake.

Juma lililofuata alikuja fundi na kibao cha shaba, kipya, kinang'aa. Aligonga, akausukuma mlango kwa bega.

"Mama, mlango wako unacheza. Hebu ushike kwa ndani nikaze skrubu za kibao, nisije nikaupasua."

Winifred aliusukuma kwa viganja viwili, akaegemeza na paji la uso. Mbao zilitetemeka. Ncha ya skrubu ikachomoza kati ya vidole vyake, ina moto.

"Hapo hapo, mama," fundi alisema kutoka nje. "Usiachie. Bado tatu."