Doa Kwenye Skrini

Doa lilipojitokeza kwenye skrini, Dokta Thanaraj alipiga meza kofi akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba wa mkewe, Malar.

“Kheng, njoo uone! Si nilisema? Ni wao!”

Wao ni waliotengeneza chaja ya baiskeli yake ya umeme. Iliwaka moto sebuleni kwao Jelutong, na Malar akafia nyuma ya geti la nondo lililofungwa. Kabla ya hapo fyuzi ya chaja hiyo ilikuwa imekatika, na Dokta, kwa kujiamini kwake, akaweka kipande cha waya mahali pake. Alitusimulia mwenyewe, akilia. Tumaini lake sasa lilibaki kwenye chipu moja ya chaja hiyo iliyookolewa majivuni. Kama ilitoka kiwandani tabaka zake zimeachana, joto lingenasa humo na moto ungewaka tu, hata fyuzi ingekuwa nzima.

Mashine yetu pale maabara ya Bayan Lepas ina sindano yenye ncha ya moto, nyembamba kuliko unywele. Hutambaa juu ya kitu ikikipapasa. Joto likipenya vizuri, ncha hupoa. Likikwama, ncha hubaki na moto wake na skrini hung’aa. Lakini sindano nayo hudanganyika. Ikipanda kinundu hugusa kidogo, haipoi, ikaonyesha ugonjwa usiokuwepo. Ndiyo maana hutoa picha mbili, ya joto na ya vimo, na aliyetufundisha kuzitazama pamoja ni yeye. Mwanafunzi akimletea moja, alimkebehi mbele ya wote: “Umeniletea bwana harusi tu? Bibi harusi katoroka?”

Siku ile picha ya vimo hakuifungua. Alikuwa keshashika simu ampigie mama mkwe wake, Rukumani, aliyekuwa akisubiri ukumbini chini. Nilimpenda mtu yule kama kaka yangu, na saa ile niliichukia kazi yangu.

“Dokta,” nikasema, “bibi harusi yuko wapi?”

Maneno yalinitoka kabla sijakumbuka kwamba namwambia mgane. Leo maabara ile naiongoza mimi, na utani huo siutumii.

Aliiweka simu chini. “Usinifanyie hivi, Kheng.”

“Nisipokufanyia mimi, watakufanyia mawakili wao.”

Akaifungua picha ya vimo. Kinundu kilikuwa palepale, umbo lilelile. Aliisafisha chipu kwa mikono iliyotulia kuliko yangu, ikatoka chembe ya masizi, masizi ya nyumba yake mwenyewe. Tukapima upya. Skrini ilikuwa ya kijivu kutoka pembe hadi pembe. Chipu ilikuwa nzima kabisa, na mimi nilitamani kuipasua.

Tulishuka pamoja. Mama Rukumani alikuwa ameketi na hotipoti yake magotini, kama alivyofanya kila siku tangu tuanze kupima.

“Ni wao?”

“Hapana, mama. Ni waya wangu.”

Mama hakulia. Alifungua hotipoti, akapakua wali na mchuzi wa dengu kwenye kifuniko, akamsogezea.

“Kula,” alisema. “Leo kula. Kuanzia kesho usije kwangu.”

Alikula amesimama, mpaka punje ya mwisho, mama akisubiri kifuniko chake.