Musi Katika Safu ya Samaki

Kila asubuhi Harriet aliamka kabla ya bibi yake, akachochea moto kwenye jiko la bati, akabandika birika la chai, kisha akakaanga mkate wa unga wa ngano kwa mafuta ya bata bukini. Jumamosi ya kwanza ya Septemba alikuwa anageuza mkate wa pili tone la maji lilipoanguka kwenye kikaango na mafuta yakaruka. Akatazama juu. Maji yalikuwa yanatoka kwenye kombe la bega la musi, mnyama mkubwa wa misitu ya baridi mwenye pembe pana, ule mfupa bapa ulioning'inia juu ya jiko tangu babu yake alipofariki, mkavu kama karatasi.

"Bibi, mfupa unavuja."

"Sogeza kikaango," Bibi Maudie alisema kutoka kitandani. "Mkate utalowa."

Harriet alisogeza kikaango, akatega bakuli. Bakuli lilipojaa, bibi aliamka, akachovya kidole na kuonja.

"Ya ziwani," alisema. "Uweke mfupa motoni, mjukuu wangu. Una neno."

Wazee wao walifanya hivyo kabla ya kwenda kuwinda: mfupa wa bega ulishikwa juu ya makaa, na alama nyeusi zilizojichora zilionyesha mnyama yuko wapi. Harriet aliushika kwa koleo. Mfupa ukaendelea kuvuja huku ukiungua, na alama zikachora ghuba moja ya lile ziwa la bwawa, na nukta katikati yake, mahali penye maji ya kina cha miti miwili.

Ghuba ile ilikuwa bonde zamani. Familia yao ilikuwa na kambi pale, na njia, na mahali pa kukaushia nyama, mpaka ofisi ya bwawa ilipofunga mto miaka arobaini iliyopita. Kilichobaki juu ya maji ni kilima kimoja ukingoni, penye kibanda hiki na kaburi la babu.

Mjomba Sinclair aliingia bila kubisha, akajimiminia chai, akautazama mfupa.

"Umezeeka kama mwenyewe alivyozeeka," alisema. "Mwishowe babu yako naye alikuwa anavuja hivyohivyo."

"Sinclair, adabu," bibi alisema.

"Shikamoo, mama. Mimi nasema tu. Joto hili, musi hawatembei mchana. Twende barabarani hadi kilomita tisini na sita, kwa mashemeji. Kule wamekata msitu, musi wanasimama kando ya barabara kama wanasubiri basi. Au mpwa wangu anataka tukawinde samaki?"

Harriet alitazama viatu vyake. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa eneo la ukoo la kuwindia. Babu alimkabidhi mbele ya ukoo wote, na kwa desturi yao msimamizi peke yake ndiye anayesema watu wawinde wapi. Misimu miwili ilikuwa imepita na alikuwa hajawahi kusema. Kila mara alipofungua mdomo, mjomba alisema kilomita tisini na sita, naye akaitikia kwa kichwa. Nyama ilipatikana, lakini ilipatikana kwenye eneo la watu wengine.

Mezani palikuwa na barua ya ofisi. Eneo lisilopata windo kwa misimu mitano huhesabiwa tupu, ilisema, na huu ulikuwa msimu wa tano, kwa kuwa babu aliugua miwili ya kwanza. Eneo likiwa tupu, maji yangepandishwa mita sita wakati wa masika. Kilima kilikuwa mita tano tu juu ya maji.

Harriet alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akachukua bunduki ya babu, akapita gari la mjomba bila kulitazama, akaiweka kwenye mtumbwi.

"Haya," mjomba alisema, akimalizia chai. "Bubu ameamua."

Bibi naye alikwenda. Alikaa katikati ya mtumbwi amejifunga blanketi, na mkate mapajani.

Walipofika ghubani jua lilikuwa bado chini na maji yametulia. Vichwa vya misonobari iliyokufa vilichomoza hapa na pale. Mjomba alichukua baragumu la gome la mti, akaliweka kinywani, halafu akaliinamishia majini na kuita kuelekea chini, akiguna kama dume. Alifanya hivyo kwa mzaha. Kutoka chini kitu kikaitika.

Walisubiri muda wa kunywa kikombe cha chai. Kwanza zikatoka pembe, pana kama masinia, kisha kichwa, kisha mgongo. Musi alipanda polepole kutoka bondeni mpaka kwenye mteremko wa kilima, akasimama maji yakimfika magotini, akajikung'uta. Alikuwa dume aliyenona vizuri. Kwenye pembe zake kulikuwa na kamba ya kuanikia nguo, na soksi nne zimebanwa kwa vibanio.

"Soksi zangu," bibi alisema. "Nilizianika siku walipotuhamisha."

Harriet alifyatua mara moja. Walimvuta hadi nchi kavu, wakamchuna juu ya matawi ya misonobari, na bibi akatundika mtini ile ngozi inayoning'inia kidevuni, kumheshimu mnyama kama inavyostahili. Soksi alizikamua akazivaa.

Kabla hawajamaliza, boti ya ofisi ilifika. Bwana Gaétan, karani wa ofisi, alikuwa anazunguka wiki hiyo kuhesabu maeneo matupu. Alisalimia vizuri, akapokea kipande cha mkate, akafungua daftari.

"Huyu ametoka wapi?"

"Chini," mjomba alisema, akionyesha ziwa kwa kisu.

"Alikuwa amesimama majini alipopigwa?"

"Hadi magotini."

Bwana Gaétan alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Basi ni mali ya ziwa. Mwaka jana ziwa letu la pili lilitoa musi watatu. Wote tuliwaandika samaki." Akaandika katika safu ya samaki: mmoja, kilo mia nne. "Nchi kavu sijaona windo. Nasikitika, mama."

"Samaki ana pembe, mwanangu?" bibi aliuliza.

"Safu ya pembe haipo, mama."

Akatoa kalamu na fomu ya eneo tupu, ya kutiwa saini na msimamizi. Maji yangepanda Mei. Mjomba alifuta kisu kwenye suruali, akatazama pembeni. Bwana Gaétan akamsogezea yeye fomu.

"Si yeye," Harriet alisema.

Sauti ilikuwa ndogo, lakini ghuba ilikuwa kimya na kila mtu alisikia. Hakuchukua kalamu. Mikono yake ilikuwa na damu hadi kwenye viwiko.

"Msimamizi ni mimi. Sisaini. Pandisheni maji mpaka juu ya bomba la jiko letu, mwakani nitakuja na mtumbwi na nitaita kuelekea chini. Mjomba, sikiliza na wewe, maana sijawahi kusema: tunawinda hapa."