Tahadhari Ubavuni mwa Ng'ombe

Jumatano moja ya Aprili 2008, saa tano na nusu asubuhi, Ngoitiko alikuwa akipanga ng'ombe wake foleni ili asome ujumbe. Simu yake ilining'inia mtini, mahali pekee penye mtandao pale Endabash, na haikuwa na habari. Tahadhari za mafuriko kutoka wilayani zilizuiwa njiani: zilitumwa kwa watu mia nne kwa mpigo, na kompyuta ya mtandao ikazidhania kuwa matangazo ya biashara. Tangu Februari zilikuwa zikitokea mbavuni mwa ng'ombe wake, kwa manyoya meupe, herufi kubwa.

Shida ilikuwa mpangilio. Kila ujumbe ulikatwa vipande vitatu, na ng'ombe hawajui foleni. Mwezi uliopita dume jeusi lilibaki nyuma, tangazo la chanjo likachanganyikana na la mvua, kijiji kizima kikachanja mbuzi dhidi ya mvua.

Leo dume lilisema: TAHADHARI. MVUA KUBWA MILIMANI. Mtamba wa madoa akaendelea: WANANCHI WOTE MNAOMBWA.

"Tunaombwa nini?" aliuliza mkewe, Nareyu.

"Kipande cha tatu kiko kwa yule mwekundu."

"Na mwekundu umemwazima shemeji yako ng'ambo ya korongo. Nilikwambia umpe yule wa pembe moja. Yule hana maandishi!"

Ng'ambo hiyohiyo ndiko alikokuwa binti yao Nashipai, shuleni, na saa sita angevuka kurudi nyumbani. Ngoitiko akavua katambuga zake, akavuka. Maji yalimfika vifundoni.

Shemeji yake, Sakaya, alikuwa akimkamua mwekundu. Ngoitiko, aliyeishia darasa la nne, akapitisha kidole juu ya manyoya, neno kwa neno: KUTOVUKA KORONGO LEO.

"Umeshavuka, shemeji," alisema Sakaya. "Kunywa maziwa kwanza."

Ngoitiko alikuwa ameshatimua mbio. Alimkuta Nashipai ukingoni, ameshavua kiatu kimoja, akamdaka ukosi wa shati. Maji yakashuka na rangi ya chai ya maziwa, yamebeba miti mizima. Mwekundu, aliyezoea kumfuata Ngoitiko, aliwapita akaendelea na safari ya nyumbani. Neno LEO ndilo lililozama mwisho.

Jumatatu Ngoitiko alifika wilayani. Wilibrodi, karani wa tahadhari, alifungua daftari lake.

"Endabash. Imepokelewa."

"Imepokelewa na ng'ombe."

"Wa nani?"

"Wangu."

"Basi umepokea, mzee." Akagonga muhuri. Kuhusu kuzuiwa, alieleza kwamba ofisi ilishawatumia watu wa mtandao ujumbe wa malalamiko. Nao ulizuiwa.

Mvua za Novemba zilipoanza, tahadhari zilirudi, kipande cha kwanza kwa dume, cha pili kwa mtamba. Cha tatu hakikumpata ng'ombe wa kukibeba, maana yule wa pembe moja alikataa. Asubuhi Nashipai huzunguka zizini, akasoma hadi MNAOMBWA, kisha hushuka korongoni na kuketi ukingoni, viatu mkononi, akisubiri maji yamalizie sentensi.