Taa za Maulidi kwenye Tangi la Samaki

Samaki wa Uweso walikuwa wazuri, hilo hata wasiompenda hawakulikataa. Walikuwa wa rangi ya dhahabu, na tangi lao lilikaa sebuleni, pale ambapo nyumba nyingine za mtaa wa Mabawa huweka televisheni. Tatizo lilikuwa giza likiingia. Akiwasha balbu ya kawaida, maji yanageuka kijani na samaki wanajificha nyuma ya mawe. Akizima, mtu katoka kazini kachoka na haoni kitu. Kwenye simu alijifunza kuwa dawa yake ni mwanga hafifu wa buluu, mfano wa mbalamwezi. Taa yenyewe ya dukani ilikuwa na bei ya kumfanya mtu acheke peke yake, basi akaamua kuitengeneza.

Na mikono anayo, tusimnyime haki yake. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi anakouza aliokota kipande cha bomba la plastiki, akakipasua kwa urefu. Adapta akaitoa kwenye king'amuzi kilichokufa zamani. Akapata na masalia ya silikoni ya kuzuia maji. Kilichokosekana ni utepe wa taa za buluu tu, ule wenye vitaa vidogo vidogo vilivyopangwa mstari, na utepe ulikuwapo uvunguni mwa kitanda chake.

Ulikuwa ndani ya gunia, pamoja na bendera na vitambaa vya kijani. Vilikuwa vitu vya Maulidi ya msikitini kwao, na kamati ilimkabidhi Uweso avitunze kwa kuwa, walisema, ni mtu mwaminifu. Taa zile zilikuwa wakfu. Bi Mwamvua alizinunua mumewe, mzee Sadalla, alipofariki, akazitoa msikitini ili kila zikiwaka langoni marehemu apate thawabu. Uweso akajiambia kuwa zimelala tu mwaka mzima, na kipande cha urefu wa mkono nani atakiona. Akakata. Tena kwa uvivu akakata upande wenye waya wa umeme, kwa sababu kichwa cha waya huo kiliingia sawasawa kwenye ile adapta, na yeye kuunga waya hajui. Alipanga kumwomba Mselem, kijana anayezifunga langoni, aunge waya nyingine kabla ya Maulidi. Lakini kumwomba kulitaka maelezo, na maelezo hakuwa nayo, akawa anasema kesho.

Taa ikapendeza kupita kiasi. Samaki wakatoka nyuma ya mawe yao wakawa wanaelea polepole kwenye ule ubuluu, na Nasma, mkewe, akawaita majirani waje waone kazi ya mume wake. Uweso alipenda sifa zile kuliko alivyowapenda samaki.

Maulidi yakafika. Mselem ni dereva wa bodaboda, na ndiye anayepanda langoni kila mwaka kufunga taa, bila kudai hata maji ya kunywa. Alichukua gunia asubuhi, akafunga, na jioni alipotaka kuziwasha hakuuona waya wa umeme. Akahangaika nazo mpaka kasida zikaanza na lango liko giza. Kisha mtu akauona mkato wa mkasi. Pikipiki ya Mselem, kwa bahati yake mbaya, ina taa za buluu chini ya kiti, kama za vijana wenzake wote wa kijiweni. Watu hawakuhitaji ushahidi mwingine. Uweso alikuwa safu ya mbele, kanzu imenyooka, akiitikia kasida kwa sauti kushinda wote. Aibu ilimchoma hadi masikio, akazidi kuitikia.

Siku zilizofuata alikuwa akipita njia ya nyuma ili asikutane na Mselem kijiweni. Halafu, baada ya sala ya Magharibi, akasikia hodi mlangoni, na sauti ilikuwa ya Bi Mwamvua. Uweso akanyakua kanga ya Nasma kitini, akalifunika tangi. Buluu ikapenya kwenye kanga vilevile, sebule nzima ikawa inang'aa.

"Shikamoo bibi," alisema, jasho likimtoka.

"Marahaba mwanangu. Mbona samaki wenu wawaka hivi? Wana homa?"

Nasma alicheka, kisha akamtazama mumewe usoni, kicheko kikakatika.

Bi Mwamvua akakaa. Macho yake yana ukungu siku hizi, huona mwanga lakini haoni umbo la kitu. Angeweza kukaa pale mpaka Isha asijue kuwa kinachomulika ni taa zake.

"Kamati yakutana kesho," alisema. "Wataka kumtoa Mselem, asishike tena kitu cha msikiti. Gunia lilikuwa kwako weye, basi wangoja neno lako. Useme lilitoka hapa taa zi nzima. Miye nishamwambia langu. Nilimwita mwizi mbele ya mamake."

Uweso alikuwa na neno la kusema, neno moja tu, naye bibi angeondoka ameridhika. Akayaona masikio ya mkewe yakingoja. Aliona haya ambayo hakuwahi kuyaona tangu azaliwe, haya ya kutamani ardhi ipasuke.

Akaivuta kanga.

"Bibi, taa zako ni hizi. Nilizikata miye, niwawekee samaki."

Bi Mwamvua akaugeuzia uso ule ubuluu.

"Sadalla wangu," alisema mwishowe, "hata samaki hakuwa akipenda." Kisha sauti ikamgeuka. "Na mamake Mselem alinililia, Uweso. Alinililia, nami nikampa mgongo."

Nasma alijifunika uso kwa mtandio. Bibi akainuka kwa kushika ukuta.

"Chomoa. Twende kwa Mselem, mimi nawe."

Uweso akachomoa, akalitoa bomba lenye taa, samaki wakabaki gizani. Akaanza kulizungushia bomba ile kanga.

"Usilifunike," bibi akamwambia, kwa kuisikia kanga ikizungushwa. "Lishike mkononi, na mkono mwingine unishike miye, sioni njia."

Wakatoka. Watu walikuwa barazani kwao wakipunga upepo, na wao wawili hawakuwa wamefika hata nyumba ya pili, Jenifa muuza maandazi akaita, "Kaka Uweso! Hilo bomba linalochuruzika maji la nini?"

Bi Mwamvua akasimama. Akamngoja ajibu.

"Ni taa za msikiti," Uweso alisema. "Nimeziiba mimi, siyo Mselem."

Bibi akamvuta mkono waendelee. Mbele yao baraza zilikuwa zimejaa watu, na kwa kina Mselem kulikuwa bado mbali.