Kichupa cha Naima

Jaha alikuwa mama wa maswali. Sokoni Uyole, Mbeya, alikouza mchele, wenzake walimwita Mwandishi wa Habari, naye alicheka tu. Lakini kuna swali moja lililomponza, na heri siku ile angekuwa bubu.

Mwanawe wa pekee, Naima, aliolewa Iringa. Alipoanza kutokwa damu siku zisizo zake, daktari wa huko alimpima mlango wa kizazi, akaona pana kitu asichokipenda. Akakata kipande kidogo cha nyama, kama punje ya mchele, akakitia kwenye kichupa chenye dawa. Kipimo chenyewe kilikuwa kinafanyika Mbeya. Adamu, mume wa Naima, alikuwa safarini na lori lake, kwa hiyo kichupa alikabidhiwa Jaha, aliyekuwa amekuja kumuuguza bintiye na sasa anarudi kwake.

"Mama, ukishuka stendi, nenda hospitali moja kwa moja," nesi alimsisitiza. "Bila hayo majibu hatujui pa kuanzia."

Jaha alikifunga kichupa kwenye khanga, akakipakata njia nzima kama kichanga. Na maabara alifika kweli. Binti mwenye koti jeupe akanyoosha mkono kupokea. Si ampe tu, aondoke? Jaha akauliza, "Mkishapima, hiyo nyama mnaipeleka wapi?"

"Mabaki tunachoma, mama," binti alijibu, macho yake yakiwa kwenye foleni.

Kuchoma! Nyama ya Naima, tena ya pale penye siri ya mwanamke, itiwe moto kama takataka za sokoni? Jaha alirudisha kichupa kifuani, akasema atarudi, akatoka.

Njiani alijipa moyo. Si wameshakata? Kibaya kimetoka, kilichobaki ni usumbufu wa hospitali tu. Nyuma ya jiko lake, palepale lilipozikwa kondo la nyuma la Naima siku alipozaliwa, alichimba, akakifunga kile kipande kwa kitambaa cheupe, akasoma dua aliyoijua, akafukia. Roho yake ikatulia. Maskini, ikatulia kabisa.

Jioni Naima akapiga simu. "Mama, umefikisha?"

"Nimefikisha, mwanangu."

Uongo ule aliuona mdogo, maana damu nayo ilikuwa imepungua. Naima akawa anauliza majibu, na mama anajibu, "Hao watu wana foleni, bado." Nesi wa Iringa alishauri wakate kipande kingine. Naima aliogopa yale maumivu, na Jaha akamwambia asubiri kidogo. Mvua zikakatika, baridi ya Juni ikaingia, na damu ikarudi pamoja na maumivu ya kiuno yasiyomwacha alale.

Mara hii kipande alikipeleka Adamu mwenyewe, na majibu yakatoka upesi; kile cha kwanza hakikuonekana, ikaaminika kimepotea mle maabara. Ilikuwa saratani, na ilikwisha kutoka kwenye kizazi ikasambaa.

"Yale majibu ya kwanza yangefika, tungemtoa kizazi mapema, akapona," daktari alimwambia Adamu. Jaha, aliyekuwa amerudi Iringa kumuuguza Naima, alikuwa amekaa nao kwenye benchi. Alisikia kila neno.

Alikusudia kusema. Kila asubuhi alipomwogesha mwanawe alikusudia kusema, akaishia kumpaka mafuta. Angemwambiaje mtoto anayekufa kwamba aliyemmaliza ndiye anayemlisha uji?

Siku moja, sauti imeshamwishia, Naima alimshika mkono.

"Mama, nataka niende sina kinyongo na mtu. Wale wa maabara waliopoteza kichupa changu, mimi nimewasamehe. Na wewe wasamehe."

Jaha akatikisa kichwa. Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke.

"Sema umewasamehe, mama."

"Hawana kosa," Jaha alinong'ona.

"Basi aliyekipoteza, awe nani. Msamehe."

"Huyo siwezi, mwanangu. Siwezi."

Naima alimtazama kwa huruma, akayafuta machozi ya mama yake kwa kiganja kilichobaki mifupa.

"Najua ni mapenzi yako kwangu," alisema. "Lakini jitahidi, mama. Jitahidi kwa ajili yangu."