Baba Mkwe Kasema Injini Imekufa

Gari langu lilizimika Jumamosi saa tatu asubuhi, hatua mia mbili tu kutoka geti la baba mkwe, likiwa limejaa mizigo hadi kwenye paa. Halikukohoa, halikutoa moshi, halikugonga. Lilizima kama redio iliyochomolewa ukutani. Nilipiga usukani kwa kiganja na kutoa maneno ambayo muuguzi hatakiwi kuyajua. Mume wangu, aliyekaa kando yangu, alitazama mbele tu.

Nilikuwa na haki ya kutukana. Nilikuwa na barua ya kwenda kusimamia kituo cha afya, mwendo wa saa nane kwa gari, na barua ilisema niripoti Jumatatu saa mbili asubuhi nikiwa na usafiri wangu, kwa sababu kituo hakina gari na kina zahanati tisa za kuzungukia. Nisipofika na gari, nafasi anapewa wa pili kwenye orodha. Huyo wa pili namfahamu, mabegi yake yalikuwa yamefungwa kabla ya yangu. Na mimi nafasi hiyo nimeiomba mara nne.

Nikitoka wapi? Nikitoka vyumba viwili vilivyo nyuma ya gereji ya baba mkwe, tulikoingia kwa muda mfupi baada ya harusi. Muda mfupi ukagonga miaka sita. Ili utoke nje ni lazima upite gerejini, upande upande kati ya magari ya watu, umeshika sketi isiguse grisi. Sare zangu zote nyeupe zina doa mahali fulani. Mama mkwe anajua saa niliyotoka, saa niliyorudi na nilichobeba. Ukipika anaonja, ukianika anageuza. Hajawahi kunitukana, tena ananipenda sana, na mapenzi hayo ndiyo yaliyokuwa yakinikaba koo.

Basi gari likasukumwa kurudi. Wapita njia watano na mume wangu wanasukuma, mimi nimeshika usukani, na mbele yangu namwona mama mkwe amesimama getini, mkono kiunoni, akijitahidi kuonekana ana huzuni. Ilimshinda. Kabla gari halijasimama sawasawa alishafungua mlango wa nyuma na kushusha sufuria zangu.

Baba mkwe ni fundi wa miaka arobaini. Akishafunga boneti, mjadala umekwisha. Aliniambia niwashe, stata ikazunguka vizuri, injini haikushika. Akapima oili, akachungulia mshipi wa injini, akagusa waya za plagi. Kisha akazunguka upande wa abiria, akafungua mlango na kuinama humo kidogo. Alipoinuka alimtazama mwanawe, akamtazama tena, halafu akafuta mikono yake kwa kitambaa.

"Injini imekufa," akasema. "Itafutwe nyingine. Wiki tatu."

Nikamuuliza imekufaje bila kugonga. Akanijibu kwamba injini ni kama watu, nyingine hufa ghafla. Ulimi wangu haujui kukaa nyumbani, nikamwambia wanaokufa ghafla ndio wanaofanyiwa uchunguzi, baba. Mama mkwe akakohoa. Mume wangu akanivuta mkono wa gauni taratibu, maana mkwe hajibiwi hivyo. Mzee hakukasirika, na hilo lilinishangaza. Alishusha boneti, akaenda zake.

Huyu mume wangu lazima nimweleze. Mtaani wanamwita Bwana Sawa. Umwambie mvua inakuja, sawa. Umwambie jua linakuja, sawa pia. Barua ilipofika nilimwambia tunahama, akasema sawa. Nikamwambia huko atafungua gereji yake mwenyewe, aache kumshikia baba yake spana, akasema sawa. Nikamwambia tarehe, sawa. Wenzangu kazini walikuwa wananionea wivu, maana waume wao hata kuhama chumba ni kikao cha ukoo.

Mchana kutwa nililala chali kwenye godoro tupu, kwani mashuka yalikuwa yamefungwa, nikimchunguza mgonjwa wangu kichwani. Geji ya joto ilikuwa katikati. Taa ya oili haikuwaka njiani. Injini iliyokwama haizunguki kabisa, na iliyokatika mshipi huzunguka kwa wepesi hadi unaona kuna kitu hakipo. Yangu ilizunguka kwa uzito wake wa kila siku. Usinione nimevaa sare, miaka sita nimelala ukuta mmoja na gereji, haya mambo yaliniingia usingizini.

Jioni nikavuka barabara hadi kwa fundi umeme, rafiki wa mume wangu. Alinisikiliza huku akichomelea waya, akatikisa kichwa. Akasema hawezi kufungua boneti aliyoifunga mzee, kwa sababu mzee ndiye aliyemfundisha kushika bisibisi. Na fundi mwingine yeyote mtaa huu angeniambia hivyo hivyo. Nimlete wa mbali? Apitie wapi, kama si geti lile lile? Nilivute gari nje? Ufunguo wa geti uko mfukoni mwa mzee. Nilihisi kuta za mtaa mzima zimenisogelea. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka aliposema, macho yake kwenye waya.

"Shemeji, ukifungua ufunguo bila kuwasha, kiti cha nyuma hulia kidogo, mmm, sekunde mbili. Hiyo ni pampu ya petroli. Wewe sikiliza tu. Kusikiliza si kufungua boneti."

Jumapili asubuhi gereji ilikuwa imefungwa. Wakwe walikuwa wanakunywa chai kwenye benchi la mafundi. Nikasema nafuata kandambili zangu garini. Nikafungua ufunguo, nikatega sikio. Kimya. Nikarudia. Kimya.

Nikapenya nyuma, nikasukuma mizigo, nikainua kiti. Waya za pampu zilikuwa pale, za kiwandani, zimechakaa pamoja. Lakini mmoja ulikuwa umekatwa na kuungwa na mwingine mwekundu, umefungwa utepe mweusi kwa unadhifu ambao ninaufahamu, wa mikono ya baba mkwe. Niliufuata kwa vidole chini ya zulia, ukaenda mbele, ukaishia chini ya kiti cha abiria. Hapo palikuwa na swichi ndogo kama ukucha. Nikaibonyeza.

Mmm.

Nikasema moyoni, mzee huyu leo atanijua. Ameinama hapa hapa, ameiona imezimwa, akanitazama usoni na kuniambia wiki tatu! Nilikuwa nimeshika mlango nitoke nimvae, mkwe au si mkwe. Mguu ukasita. Gari lilipozima mzee alikuwa gerejini. Garini tulikuwa wawili, mimi nilikuwa na mikono yote miwili kwenye usukani, na kiti hiki hakikuwa changu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami siku zote niliudhani ni msemo wa watu wenye maadui.

Nikaketi mbele, nikawasha. Injini ikashika mara moja, ikanguruma gereji nzima. Mzee akaweka kikombe chini. Mume wangu akatokea mlangoni na mswaki mdomoni, akasimama hapo hapo.

"Baba, ulijua," nikasema.

"Nilijua. Swichi niliiweka mimi kwa ajili ya wezi, nikamwonyesha yeye akuonyeshe." Alisema bila kuinua macho. "Nilitaka apate muda akwambie mwenyewe. Sikutaka uyasikie kwangu."

Nikamgeukia mume wangu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba hataki kwenda.

Akatoa mswaki. "Uliniuliza lini?"

Nikafungua mdomo nimhesabie. Siku ya barua? Nilimwambia. Siku ya tarehe? Nilimwambia. Ile habari ya gereji yake? Nayo nilimwambia, tena nilishampangia na mahali. Nikaipekua miezi mitatu yote tangu barua ifike, sikupata hata siku moja niliyouliza na kunyamaza nisubiri jibu. Niliona aibu, nikaona na hasira, vyote kwa pamoja, maana hata yeye ana mdomo. Miaka sita ya sawa, na hapana yake ya kwanza akaisema kwa kidole, chini ya kiti.

"Basi nakuuliza sasa," nikasema. "Unakuja?"

Nikanyamaza. Ilinigharimu kunyamaza kule kuliko chochote nilichofanya wiki ile. Alimtazama baba yake, akamtazama mama yake, akanitazama mimi.

"Hapana," akasema. "Nakupenda, lakini hapana."

Alisema kwa sauti nzima, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Iliniuma hadi kwenye mifupa, na papo hapo nikamheshimu kuliko siku zote za ndoa yetu.

"Haya. Fungua geti."

Mama mkwe akaanza kulia. Mzee akaingiza mkono mfukoni, akamkabidhi mwanawe ufunguo. Mume wangu akaenda, akafungua pande zote mbili, na kwa kuwa kulikuwa na upepo, akasimama akiuzuia upande mmoja kwa bega usinigonge, mpaka nilipopita.