Picha ya Maporomoko ya Tatu

Kama si kazi yake ya kukata karatasi kwenye kiwanda cha uchapaji, Wembe asingejua kwamba ameibiwa. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya mashine aliyoisimamia, si kwa sababu ya ulimi. Ulimi wa yule dada ulikuwa butu. Neno likimfika kooni lilirudi lilikotoka. Siku moja zililetwa kalenda za kampuni moja ya maji ya chupa. Akavuta rundo la kwanza, akalinganisha kingo, na hapo akaiona picha yake: maporomoko ya tatu, yale ya juu kabisa, yamepigwa kutoka chini, mti umeinama kushoto, maji yanaanguka kama shuka jeupe linalokung'utwa. Pembeni, kwa herufi ndogo, jina la kaka yake.

Kaka mtu alikuwa mpiga picha wa harusi na mikutano, mdomo asali, mji mzima ukimjua. Kiangazi kilichopita walipanda wote mlimani. Walipofika maporomoko ya pili kiatu kikamchubua kisigino, akaketi kivulini, akamwambia mdogo wake, "Chukua kamera, kanipigie huko juu." Wembe akaenda peke yake. Alilala kifudifudi juu ya jabali lililolowa, karibu saa nzima, akingoja jua lipenye. Aliporudi, kaka hata picha zenyewe hakuzitazama.

Wembe alilipeleka shauri kwa mama yao. Mama alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua macho kwenye ungo.

"Mwenzio anakula kwa hizo picha," alisema. "Wewe una mshahara wako. Na ndugu wakigombana, mimi nashika jembe naenda kulima. Msiniingize."

Basi akameza. Ikapita miezi, kiangazi kikarudi, kaka akapiga simu.

"Mdogo wangu, nibebe. Meneja wa ile kampuni anataka kupaona mahali penyewe, Jumapili hii. Na mimi njia ya kule juu siijui."

"Huijui kwa sababu hujawahi kufika."

"Ndiyo maana nakupigia," kaka akajibu, bila aibu hata chembe.

Kwa nini alikubali, mwenyewe hakujua vizuri. Labda alitaka kumwona kaka yake akiumbuka.

Meneja alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye fimbo ya kupandia na pumzi za kutosha. "Huyu mdogo wangu," kaka akamtambulisha, "ananisaidia kubeba vifaa." Na kweli alibeba: begi la kamera mgongoni, mguu wa kamera begani, chupa za maji za watu watatu mkononi. Jua liliwaka tangu saa tatu. Maporomoko ya kwanza waliyapita bila kusimama, maana palijaa watu wanaojipiga picha na kupiga mayowe. Kwenye ya pili kaka alitoa darsa refu kuhusu mwanga, huku Wembe amesimama na mzigo, jasho likimwingia machoni. Kutoka hapo njia ikawa mawe na mizizi, na mwenye darsa akanyamaza.

Walipofika ya tatu, Meneja akatoa kwenye mkoba ukurasa wa kalenda aliokuwa ameuviringisha. "Haya, nionyeshe. Ulisimama wapi?"

Kaka alitupa macho huku na huku kama mgeni anayetafuta choo. Akanyoosha kidole kwenye mwamba mpana mbele ya maji. "Pale."

Meneja akaenda kusimama pale, akauinua ukurasa. "Mbona mti uko kulia? Kwenye picha uko kushoto."

"Ni lenzi, mama. Lenzi hizi zina mambo yake."

Wembe almanusura acheke. Meneja akamgeukia. "Na wewe, dada, siku ile ulikuwa wapi?"

Ulimi ukagoma kama kawaida, ila miguu haikugoma. Alivuka maji, akazunguka nyuma ya mti, akalala kifudifudi juu ya jabali. "Hapa," akasema. Meneja akamfuata, akalala ubavuni pake na suruali yake safi, akauinua ukurasa mbele ya macho. Kila kitu kikakaa mahali pake. Akamtazama Wembe usoni.

"Sawa," Meneja akasema, akiinuka na kujikung'uta. "Nimepaona."

"Mama, si umeelewa?" Wembe akauliza.

"Nimeelewa. Lakini kalenda ziko ukutani kwa watu, mwanangu. Unataka nipite nyumba kwa nyumba nikizibandua? Na kaka yako ndiye anayejua kuongea na wakubwa zangu." Akashuka kwenda kulowesha miguu.

Kaka akaja mbiombio na kamera. Hakuuliza walichozungumza. "Piga, piga kabla jua halijahama. Za mwaka ujao hizo."

Wembe aliipokea kwa nia mbaya: atapiga mawe matupu, atapiga vidole vyake mwenyewe. Lakini wingu likasogea, mwanga ukaingia ndani ya maji, na mkono ukakataa kukosea. Akapiga ishirini na ushei, kila moja ikiishinda iliyotangulia. Hapo aliumia kuliko siku ya kalenda. Hata kuharibu hawezi! Akachomoa kadi ya picha, akaitia mfukoni, akamrudishia kaka yake kamera tupu.

Jioni simu ikalia. "Umeniibia? Wewe, mdogo wangu wa tumbo moja, mwizi?" Kesho yake ukoo mzima ulikuwa na habari. Shangazi alimtumia ujumbe kwamba mkono mrefu hauna baraka, na kwamba anamwombea.

Siku ya tatu mama akaja mwenyewe chumbani kwake, akaketi ukingoni mwa kitanda bila kuvua mtandio.

"Kadi ni ya nani?"

"Kadi ni yake, mama. Ila picha zilizomo..."

"Picha sijaziulizia. Kadi ni ya nani?"

Wembe akavuta droo, akaitoa. Mama akaifunga kwenye pindo la mtandio, akakaza fundo kwa meno, akasema ule mlango unalia mno, utiwe mafuta, akaenda zake.